Meneja wa Staa na Meneja wa Tawi: Nani Analipwa, Nani Anaonekana Analipwa?

Kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi moja hapa Dar, mweka hazina alikuwa na kawaida ya kurusha orodha ya michango kila Jumapili usiku. Jina, ahadi, na pembeni tiki kwa aliyemaliza. Kwa wiki tano mfululizo jina la juu kabisa halikuwa na tiki: ahadi milioni 1, amelipa sifuri. Mistari michache chini yake kulikuwa na jina lingine, ahadi laki 3, tiki tangu wiki ya kwanza.

Wote wawili ni mameneja. Wote wawili ni binamu wa bibi harusi. Majina yao, kama ilivyo ada ya mjini, yanabaki kapuni.

Mwenye milioni ya hewani ni meneja wa msanii. Ukiwa unafuatilia Bongo Fleva umeshamuona hata kama hujui kwamba umemuona: ni yule jamaa wa kofia na simu mbili anayeshuka kwenye gari sekunde kumi kabla ya staa, anaangalia kushoto na kulia, halafu anafungua mlango. Shangazi zake wakimuona kwenye shughuli wanamwita "Meneja!" kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Mwenye laki 3 ni dada mmoja mtulivu, meneja wa tawi la benki. Shangazi wale wale wakimuona yeye wanauliza mawili: ataolewa lini, na kama anaweza kusukuma mkopo wa mtu fulani upite. Hakuna anayemwita Meneja.

Waulize vijana kumi wa mjini kati ya viti hivyo viwili wangekaa wapi. Jibu linajulikana. Kiti cha kwanza kina bata, safari, VIP, picha na mastaa. Cha pili kina kiyoyozi, suti na foleni ya wastaafu mwisho wa mwezi. Kosa halipo kwenye kupenda kiti cha kwanza. Kosa lipo kwenye kudhani kwamba kinachoonekana ndicho kinacholipwa.

Hesabu kwanza, maneno baadaye.

Chukua meneja wa tawi anayelipwa milioni 3 kwa mwezi. Wapo wanaopata chini ya hapo na wapo wanaopata juu zaidi, inategemea benki na ukubwa wa tawi, lakini milioni 3 ni namba nzuri ya kufanyia mfano. NSSF inachukua asilimia 10, yaani laki 3. Inabaki milioni 2 na laki 7, na hiyo ndiyo inayokatwa PAYE. Kwa Tanzania Bara, shilingi 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu, halafu ngazi zinapanda taratibu mpaka kila shilingi inayozidi milioni 1 inakatwa asilimia 30. Kodi yote inakuja 638,000. Anachoondoka nacho dada yetu ni 2,062,000.

Hapo wengi wanaguna. Milioni mbili na kidogo, kwa kuamka saa 11 alfajiri na kubeba funguo za hazina ya watu?

Subiri. Mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake kule NSSF. Kwa hiyo kila mwezi laki 6 zinaingia kwa jina la huyo dada, milioni 7 na laki 2 kwa mwaka, hela ambayo hawezi kuipiga picha wala kuinywa. Akitimiza michango ya miezi 180 na umri ukafika, kuna pensheni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 28 yenye malipo, na akijifungua ana siku 84. Akiachishwa kazi bila kosa lake, anadai kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Akiona ameonewa, ana siku 30 za kwenda CMA kulalamika. Halafu kuna lile ambalo watu wa benki hulisema kwa sauti ya chini: mkopo wa wafanyakazi wenye riba nafuu. Kiwanja cha Goba kilipatikana hivyo. Mjengo haujaisha, lakini bati limeshapanda.

Sasa njoo kwa kaka wa kofia.

Mameneja wengi wa muziki, hapa na duniani, wanakula asilimia 15 hadi 20 ya anachoingiza msanii. Wapo waliovuka. Kanali Tom Parker, meneja wa Elvis Presley, alifika mpaka asilimia 50, na baada ya Elvis kufa mwaka 1977 mambo hayo yakaishia mikononi mwa mahakama kule Tennessee. Kaka yetu hakuwa na tamaa hiyo. Walikubaliana asilimia 20. Walikubaliana kwa mdomo, usiku, nje ya studio, wanakula chipsi mayai.

Shoo moja ya mkoani, tuseme promota analipa milioni 8. Dansa wanne, DJ, usafiri, hoteli, chakula, nguo, hela ndogo ndogo za njiani: milioni 3 imeondoka. Asilimia 20 ya milioni 8 ni milioni 1 na laki 6. Asilimia 20 ya kilichobaki baada ya gharama, yaani milioni 5, ni milioni 1. Tofauti ni laki 6 kwa shoo moja. Zikipatikana shoo nne kwa mwezi, tofauti hiyo peke yake ni milioni 2 na laki 4, ambayo ni zaidi ya anachopeleka nyumbani dada wa benki kwa kazi ya mwezi mzima. Yaani neno moja tu, "kabla" au "baada", lina thamani kuliko mshahara wa meneja wa tawi. Na usiku ule wa chipsi hakuna aliyelitamka.

Kwa hiyo mwezi mzuri kaka alimuacha dada mbali sana. Hili lisifichwe. Msimu wa sikukuu, kuanzia mwanzoni mwa Desemba mpaka mwaka mpya, aliwahi kulala kwenye gari siku tisa mfululizo na akarudi na hela ambayo binamu yake angeisubiri miezi minne. Ndiyo ule mwezi ambao picha zake zilijaa mtandaoni na shangazi wakaanza kumwita Meneja.

Tatizo ni miezi mingine kumi na mmoja. Ramadhani shoo zinapungua, hasa Pwani na Zanzibar. Msanii akiugua koo, meneja naye anaugua mfuko. Msanii akigombana na mchumba wake akazima simu wiki nzima, promota wa Kahama anadai advansi yake kwa meneja, siyo kwa msanii. Machi 2020 serikali ilipozuia mikusanyiko kwa sababu ya korona, dada wa benki alivaa barakoa akaendelea kufungua tawi, na mshahara wake uliingia kama kawaida. Kaka alikaa nyumbani na asilimia 20 ya sifuri. Hapo ndipo gari la kwanza lilipouzwa, lile ambalo wengi walidhani amelibadilisha tu.

Kuna kitu kingine ambacho hakiingii kwenye hesabu za kijiweni. Meneja wa benki anaanza kulipwa siku anayoanza kazi. Meneja wa msanii anaanza kwa kulipa. Video ya kwanza ya yule staa ilitoka mfukoni mwa kaka. Alipeleka kadi ya gari kwa watu wa kausha damu, akachukua milioni 4, akarudisha milioni 5 na laki 2. Wimbo ukakubali. Ukapigwa kwenye daladala, kwenye vigodoro, mpaka kwenye harusi za watu wasioujua mjini. Milioni 5 na laki 2 haikurudi. Kila alipoigusia alijibiwa, "Kaka, sisi ni familia." Na familia, kama mtu hajawahi kuona, ni mahali ambapo deni linafia kirahisi kuliko kokote.

Chaneli ya YouTube je? Ilifunguliwa kwa email ya binamu wa staa, kijana aliyekuwa na laptop siku hiyo. YouTube ikishaanza kulipa inalipa kila mwezi, kwenye tarehe 21 hadi 26, na inamlipa mwenye akaunti. Haijui nani alilala studio, haijui nani aliweka kadi ya gari rehani. Kaka alikuwa anaona namba za watazamaji zinapanda, milioni moja, milioni tatu, anazipost kwa furaha na moto moto. Senti ya pale hakuwahi kuiona.

Halafu ikaja Jumanne moja. Kaka ameamka, amefungua ukurasa wa staa kama anavyofanya kila asubuhi, akakuta namba ya booking imebadilishwa. Siyo ugomvi, siyo barua, siyo kikao. Namba tu. Kuna lebo imeingia na watu wake, na staa amesaini. Simu ya staa ikaita, ikaita, ikakatika. Ujumbe ulikuja siku tatu baadaye: "Kaka mambo mengi, tutaongea." Hawajaongea mpaka leo.

Miaka sita. Angekuwa ameajiriwa, kungekuwa na notisi, kungekuwa na kiinua mgongo, kungekuwa na CMA. Lakini meneja wa msanii siyo mwajiriwa wa msanii. Kikishanuka, mlango uliopo ni kudai mkataba mahakamani, na mkataba wenyewe ulikuwa chipsi mayai. Hata kama mashahidi wangepatikana, muuza chipsi alishahamia Mbezi.

Ndiyo maana ile milioni 1 ya harusi haikuwa na tiki. Aliiahidi akiwa na staa. Orodha ilipoanza kuzunguka alikuwa tayari hana, na hakuna aliyejua kwa sababu profile yake bado imeandikwa vile vile na picha bado zipo.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kesi imeisha, benki imeshinda, vijana wote wakapige suti. Haijaisha. Kiti cha dada nacho kina misumari yake, na wanaokisifia sana ni wale ambao hawajawahi kukikalia.

Aliingia benki kama teller. Miaka miwili ya kuhesabu noti za watu, ukikosea jioni unafidia. Akapelekwa Sumbawanga miaka mitatu, mbali na mama yake aliyekuwa anaumwa. Akarudi Dar kama afisa mikopo, akapanda, na sasa tawi ni lake. Kwa jumla ni miaka tisa. Tawi ni lake lakini malengo siyo yake, yanatoka juu: amana kiasi hiki, mikopo mipya kiasi hiki, akaunti mpya kiasi hiki, na meneja wa kanda anauliza kwenye WhatsApp saa 4 usiku. Benki Kuu inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5, kwa hiyo kila mteja anayeacha kulipa anakuwa mgonjwa wa meneja. Afisa wake mmoja akipitisha mkopo wa duka lisilokuwepo, wa kwanza kuitwa kujieleza ni yeye. Likizo ya siku 28 anayo kwenye karatasi, ila simu nayo huenda likizo pamoja naye.

Na ngazi inayofuata ni nyembamba. Benki mbili kubwa nchini zina matawi zaidi ya 200 kila moja, wakati kanda zake zinahesabika. Mameneja wa matawi wengi waliopo leo watastaafu wakiwa mameneja wa matawi, au watahamia benki ndogo kwa cheo kikubwa na moyo wa wasiwasi. Juu ya hapo, wateja wenyewe wanapungua kuingia ndani. Hela inatumwa kwa simu, inatolewa kwa wakala kwenye kona ya mtaa. Tawi lililokuwa na tellers wanane sasa lina watatu na kila kitu kipo sawa. Kazi ya meneja wa tawi haifi kesho asubuhi, lakini kijana anayeingia benki leo akidhani ngazi ni ile ile aliyopanda mjomba wake, anajidanganya.

Kuna kasoro moja ya kiti hicho ambayo dada mwenyewe aliijua kwa uchungu. Wateja wakubwa wanaompigia kila siku, wenye malori, wenye shule, wenye vituo vya mafuta, hawampigii yeye. Wanapigia kiti. Meneja aliyekuwepo kabla yake alistaafu akiwa na namba zao zote kwenye simu, na mwezi wa pili simu ikanyamaza. Alipita siku moja tawini kuchukua hela yake, akapanga foleni, na mlinzi mpya akamwambia, "Mzee, vua kofia."

Kaka wa kofia hana hilo tatizo. Na hapa ndipo hesabu inabadilika sura.

Wiki mbili kabla ya harusi kamati ilikwama. Muziki wenye vyombo vya maana ulitajiwa milioni 2. MC mwenye jina, milioni 1 na nusu. Bajeti ilikuwa imeshaliwa na ukumbi na chakula. Kikao kikawa kizito, mjomba mmoja akaanza kupendekeza spika za kanisani. Kaka, ambaye alikuwa amekaa nyuma kimya kwa aibu ya tiki, akatoka nje na simu zake mbili. Alirudi baada ya nusu saa. Jamaa wa vyombo, ambaye aliwahi kumpa kazi za shoo kumi na mbili alipokuwa na staa, atakuja kwa hela ya mafuta na vijana wake wale. MC atakuja bure, "deni la Dodoma" alisema, akakataa kulieleza. Na kuna binti mmoja anaimba vizuri, ataimba nyimbo mbili wakati wa keki.

Mweka hazina alikokotoa kwa haraka. Kaka alikuwa ameleta zaidi ya milioni 3 mezani, bila kutoa shilingi. Shida ikawa moja: orodha haina sehemu ya kuandika kitu kama hicho. Jumapili ile jina lake lilirushwa tena, ahadi milioni 1, amelipa sifuri.

Huo ndio mshahara halisi wa meneja wa msanii, na ndiyo sababu kazi hii haifai kudharauliwa hata pale inapoumiza. Asilimia 20 inaweza kuisha kwa namba moja kubadilishwa kwenye ukurasa. Watu hawaishi. Promota wa Mwanza, mtangazaji wa redio, prodyuza, mwenye ukumbi, ofisa anayejua kibali cha BASATA kimekwama meza gani, wote wanampokelea simu yeye, siyo kiti chake. Waliolijua hili mapema walitoboa kweli kweli. Wapo waliogeuka mapromota wa matamasha yao wenyewe, wapo waliofungua lebo, na mmoja wa mameneja wanaofahamika zaidi nchini aliingia Bungeni mwaka 2020. Hakuna aliyefika huko kwa kubeba begi la msanii mmoja mpaka mwisho. Walitumia begi la msanii mmoja kujuana na watu wa wasanii ishirini.

Kwa hiyo swali la vijiweni, "nani analipwa zaidi", limekaa vibaya tangu mwanzo. Dada analipwa kidogo kidogo, kwa uhakika, na sehemu kubwa ya malipo yake ipo mahali ambapo macho hayafiki: NSSF, mkopo nafuu, sheria inayomlinda. Anachokijenga zaidi ya hapo ni mali ya benki. Kaka analipwa kwa mafungu, na fungu la kesho halipo mikononi mwake, lakini anachokijenga ni chake. Mmoja ana karatasi hana watu. Mwingine ana watu hana karatasi.

Kati ya kasoro hizo mbili, moja inatibika kirahisi kuliko nyingine, na inashangaza jinsi vijana wa muziki wanavyoikwepa dawa. Karatasi ni kitu cha siku moja. NSSF inaandikisha hata waliojiajiri, hakuna haja ya kuwa na bosi. Mwanasheria wa kuandika mkataba wa uongozi wa msanii analipwa mara moja tu, na fedha hiyo wengi wanaitumia kwa meza moja ya VIP Jumamosi. Mkataba useme ni asilimia ngapi na ya nini, ni kwa miaka mingapi, hela ya video ikitoka mfukoni mwa meneja inarudi lini na kutoka wapi, akaunti za mtandaoni zinafunguliwa kwa email gani. Na useme jambo ambalo kwa wenzetu wa Uingereza na Marekani ni la kawaida: msanii akiondoka, meneja aliyeijenga kazi anaendelea kupata kiasi kinachopungua mwaka hadi mwaka kutoka kwenye nyimbo na dili alizozipigania yeye. Hilo lingekuwepo, ile Jumanne isingekuwa msiba.

Wapo watakaosema ukimletea msanii mchanga karatasi anakimbia, anadhani unataka kumnyonya. Kweli, na ana sababu. Wasanii wangapi wamesainishwa miaka kumi kwa hela ya viatu? Karatasi nyingi za mjini ziliandikwa na upande mmoja. Lakini msanii anayeogopa karatasi ya haki leo ndiye atakayesaini karatasi ya lebo kesho bila kuisoma, na wote wawili, yeye na meneja wake, watakutana kwenye mahojiano ya redio kila mmoja akimwita mwenzake msaliti. Mashabiki watapata ubuyu wa wiki moja. Hakuna atakayepata hela.

Upande wa benki dawa ni ngumu zaidi, maana huwezi kwenda kwa mwanasheria ukaandikiwa watu. Dada ameanza kwa njia yake. Jumamosi mbili kwa mwezi anakaa na wanawake wa soko wanaokopa kwenye tawi lake na kuwafundisha hesabu za biashara, bila nembo ya benki, kwa jina lake. Meneja wa kanda alimuuliza hiyo inaingia kwenye lengo gani. Hakuwa na jibu, akaendelea.

Harusi ilifanyika. Muziki ulikuwa mzito, MC alichekesha mpaka bibi wa upande wa bwana harusi akasimama kucheza. Yule binti wa nyimbo mbili aliimba wakati wa keki na ukumbi ukanyamaza, kitu ambacho kwenye harusi za Dar kinatokea mara chache sana.

Kwenye saa 6 usiku, watu wakiwa wanatafuta magari yao, kaka alimfuata dada pembeni ya jukwaa. Alikuwa amekunja karatasi mfukoni.

"Shikamoo dada. Samahani, najua umechoka. Huyu binti nataka kusimama naye. Safari hii nimeandika. Hebu niangalizie."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeandika mwenyewe?"

"Nimeandika mwenyewe. Mwanasheria wiki ijayo."

Dada aliwasha tochi ya simu, akavua miwani, akaivaa tena. Alisoma kama anavyosoma faili la mkopo, taratibu, kidole kikifuata mstari. Kwenye mstari wa nne akasimama.

"Hapa umeandika asilimia 20 ya mapato."

"Ndiyo."

"Mapato yapi? Kabla ya gharama au baada?"

Kaka alimwangalia yule binti, ambaye alikuwa bado anapigwa picha na shangazi. Kisha akapapasa mifuko yake yote miwili, akasogea kwa mweka hazina, na kumuomba kalamu.